Aliyekanyaga Nembo

Odessa Pruitt alikuwa na kipaji kisicho na soko popote duniani isipokuwa chuoni: aliweza kutembea kinyumenyume saa nzima, akapanda ngazi, akapita milango, akakwepa baiskeli na kindi, huku mdomo haupumziki na tabasamu halimbanduki. Kwa miaka mitatu alikuwa mwongoza wageni wa Chuo Kikuu cha Pellworth, kule Ohio. Kila Jumamosi wazazi na watoto wao wanaotafuta chuo walimfuata kundi zima, wao wakienda mbele na yeye akirudi nyuma. Mwongoza wageni akiwapa watu mgongo hawamsikii, na wasipomsikia, watoto wao wataenda kusoma kwa jirani.

Pellworth kilikuwa chuo cha watu binafsi, cha ukubwa wa kati, wanafunzi elfu tano na ushei. Walikuwa wengi kiasi cha kumkwepa mpenzi mliyeachana naye kwa wiki nzima, na wachache kiasi cha kugongana naye bwaloni wiki ya pili. Kilikuwa na majengo ya matofali mekundu, timu ya mpira wa kikapu iliyofungwa kwa heshima, na nembo.

Nembo hiyo ilikuwa ya shaba, pana kama sinia la pilau la harusi, imezikwa sakafuni mlangoni kabisa mwa Jumba la Tarkington. Mwanafunzi akiikanyaga, hahitimu kwa wakati wake. Hakuna aliyejua habari hiyo ilianza lini, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuijaribu. Wanafunzi wa fizikia, waliocheka imani za bibi zao, waliizunguka. Wa falsafa waliizunguka wakibishana. Sakafu pembeni yake ilikuwa imelika pande zote mbili kwa nyayo za waoga wa miaka sitini.

Basi ilikuwa Jumamosi ya pili ya mwezi Machi, theluji inayeyuka, na Odessa yuko mwaka wa nne, muhula wa mwisho. Nyuma yake kulikuwa na mlango wa Tarkington, mbele yake wageni thelathini. Alifika kwenye maneno aliyoyasema mara zisizo na idadi.

"Na hapa kwetu, milango ya maprofesa iko wazi. Ukikwama, unaingia tu, unakaa, mnaongea. Hawa si watu wa kuogopwa."

Mama mmoja mwenye koti la zambarau, binti yake pembeni anatafuna ubani kama ana ugomvi nao, aliinua mkono. "Samahani, dada. Wewe mwenyewe huwa unaenda mara ngapi?"

"Mimi?" Odessa alicheka kidogo, akarudi nyuma hatua moja. "Kila wiki!"

Akarudi nyuma hatua nyingine, na kiatu chake kikalia juu ya shaba.

Wageni hawakuelewa, lakini kijana mmoja aliyekuwa akishuka ngazi na kikombe cha kahawa aliganda, akapaza sauti jumba zima lisikie: "Mamaaa! Odessa kakanyaga nembo! Na miguu yote miwili!"

Yule binti aliacha kutafuna. "Sasa itakuwaje?" aliuliza, na ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo aonekane kufurahia kitu.

Odessa aliendelea na ziara kwa kujikaza kisabuni. Aliwaonyesha maktaba, bwalo na bwawa la kuogelea. Lakini kijasho chembamba kilikuwa kinamtoka chini ya koti, na si kwa sababu ya shaba peke yake. Alijua kwamba alikuwa ameongopa. Kwa miaka minne, hakuwahi hata siku moja kuingia ofisini kwa profesa yeyote.

Hapo ndipo penye kisa. Odessa alikuwa mwepesi wa kusema na mzito wa kuuliza. Shuleni kwao Youngstown alikuwa ndiye anayewafundisha wenzake; watu walizoea kumwuliza yeye, na yeye alizoea kuulizwa. Alipofika Pellworth na kukutana na mambo asiyoyaelewa, aliyaficha, akakesha na vitabu, akapenya. Somo moja tu aliliahirisha kila mwaka mpaka likabaki peke yake mwishoni: takwimu. Bila takwimu hakuna shahada ya afya ya jamii. Na kwenye mtihani wa katikati ya muhula alikuwa amepata arobaini na moja kwa mia. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tena huko nyumbani fulana zilikwisha kuchapwa.

Zilikuwa fulana arobaini na mbili, rangi ya manjano, zenye picha ya Odessa kifuani na maneno PRUITT WA KWANZA KUHITIMU CHUO KIKUU. Aliyezichapisha alikuwa Shangazi Verlene, dada wa baba yake, aliyemlea tangu ana miaka sita, mwanamke wa kanisani na wa jikoni ambaye akipanga jambo, hata mvua inasubiri. Odessa alikuwa amependekeza iandikwe "wa kwanza kwenda chuo kikuu." Shangazi alikataa katakata. "Andika kuhitimu," alisema. "Kuhitimu ndilo neno." Basi la kukodi lilikwisha kupangwa. Binamu kutoka Detroit walikwisha kuomba ruhusa kazini.

Jioni hiyo bwaloni, Maisee Vang, mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja tangu mwaka wa kwanza, aliweka sahani yake mezani akamtazama kama mtu anayekuja kutoa pole.

"Umekanyaga na mguu gani?"

"Habari imefika mpaka uuguzi?"

"Imefika mpaka jikoni. Yule mpishi wa supu kanipa bakuli la pili, kasema nikuletee. Nijibu, mguu gani?"

"Yote miwili. Kwani kuna tofauti?"

"Wa kulia labda unachelewa muhula mmoja. Wa kushoto, mwaka. Yote miwili, shosti, wanakupa chumba cha kudumu."

"Wewe si msomi wa sayansi? Sayansi yako iko wapi?"

"Iko palepale," Maisee alisema akimega mkate. "Ila mimi nembo siikanyagi. Haya, acha utani. Takwimu umepata ngapi?"

Odessa alikoroga supu. Kwa mara ya kwanza alitamka ile namba kwa sauti, na ilipotoka ilikuwa mbaya kuliko ilivyokuwa kichwani. Maisee hakucheka.

"Umeenda kumwona Profesa Dunleavy?"

"Yule? Kila karatasi yangu anaandika neno moja kwa wino mwekundu. 'Kwa nini?' Nikijibu swali, kwa nini. Nikichora mchoro, kwa nini. Ni kama ananiuliza kwa nini nilizaliwa."

"Si umwulize yeye kwa nini anauliza kwa nini? Kuuliza si ujinga."

"Nitafikiria."

"Fikiria haraka. Watu arobaini na wawili wana uso wako kifuani."

Profesa Dunleavy alikaa ofisini kungoja wanafunzi kila Jumanne na Alhamisi, saa nane hadi saa kumi alasiri, ghorofa ya tatu ya Tarkington. Jumanne hiyo Odessa aliizunguka nembo kwa mbali, ingawa maji yalikuwa yamekwisha kumwagika, akapanda ngazi. Mlango ulikuwa wazi kweli. Alipita mbele yake akijifanya hamnazo. Akarudi. Akapita tena, viatu vyake vilivyolowa theluji vikilia kwii, kwii kwenye ukumbi mtupu.

"Wewe mwenye viatu!" sauti iliita. "Ama uingie ama uvivue!"

Aliingia. Profesa Dunleavy alikuwa mzee mfupi mwenye sweta la viraka viwili viwikoni, na mbele yake kulikuwa na bati la biskuti za shayiri na zabibu kavu, limejaa pomoni. Alipomwona alisimama ghafla hivi kwamba penseli tatu zilidondoka.

"Umepotea? Choo ni mlango wa pili."

"Hapana, Profesa. Nimekuja kwako."

"Kwangu?" Alimtazama kana kwamba anaogopa atabadili mawazo. "Kaa, kaa. Chukua biskuti. Nazioka kila Jumatatu, halafu nazila mwenyewe mpaka Ijumaa, na daktari wangu amechoka. Tangu muhula uanze wewe ni wa tatu. Wa kwanza alikuwa anatafuta choo. Wa pili alikuja kuchaji simu." Alivuta kiti chake. "Haya. Umekwama wapi?"

"Kote."

"Kote ni pakubwa. Tafuta ukurasa."

Odessa alifungua daftari. Alionyesha ukurasa. Kisha, kwa kuwa alikwisha kuingia na hakukuwa na pa kukimbilia, alisema: "Profesa, kwa nini unaniandikia 'kwa nini' kila mahali?"

"Kwa sababu sijui ulifikiria nini. Ningekuwa najua, ningeuliza?"

"Yaani ni swali tu?"

"Ulidhani ni nini?"

"Nilidhani ni tusi."

Profesa Dunleavy alivua miwani, akaipangusa kwa sweta, akaivaa tena. "Miaka ishirini na tisa ninaandika neno hili," alisema taratibu. "Labda ndiyo maana biskuti zinabaki."

Walikaa mpaka saa kumi na nusu. Odessa alipotoka alijiona mjinga na mwepesi kwa wakati mmoja, kama mtu aliyetembea siku nzima na kokoto kiatuni, kumbe ilitaka kuvua tu. Alhamisi alirudi. Jumanne akarudi tena, safari hii akiwa na wenzake wawili kutoka darasani ambao nao, kumbe, walikuwa wakipita mbele ya mlango ule bila kuingia.

Kazi ya mwisho ya somo ilibeba karibu nusu ya alama zote: chagua swali lako, tafuta takwimu zako, ulijibu. Wengine walichagua bei za nyumba na mvua. Odessa alichagua nembo. Kwa majuma matatu alisimama mlangoni mwa Tarkington na karatasi zake, akauliza kila aliyepita: uliwahi kukanyaga? Ulihitimu, au uko njiani kuhitimu kwa wakati? Alikwenda kwenye mkutano wa wahitimu wa zamani uliofanyika Aprili, akawavizia wazee wenye mvinyo mkononi. Mmoja alikiri kwa mnong'ono, akichungulia kama mkewe anasikia, kwamba aliikanyaga mwaka wa pili akiwa amembeba rafiki yake. Watu mia moja na arobaini walijibu. Ishirini na sita walikuwa wamekanyaga. Kati ya hao, ishirini na watano walihitimu au walikuwa njiani kuhitimu kwa wakati.

"Shosti!" Odessa aliingia chumbani akipiga kelele. "Kukanyaga kunaleta bahati! Ishirini na watano kati ya ishirini na sita!"

Maisee aliinua macho kutoka kitabu cha mishipa ya damu. "Ngoja nivae viatu."

Rasimu ilirudi baada ya siku mbili. Profesa Dunleavy hakuandika kitu kwenye majedwali wala kwenye hitimisho. Alikuwa amezungushia mstari mmoja tu, ule usemao "Niliwauliza watu mia moja na arobaini," na pembeni, kwa wino mwekundu: Kwa nini hao?

Zamani angeitupa karatasi chini ya kitanda. Sasa alipanda ngazi nayo mbiombio, mdomoni ana swali na tumboni ana hamu ya biskuti.

"Kwa nini hao? Kwa sababu ndio niliowapata, Profesa."

"Uliwapata wapi?"

"Hapa chuoni. Na kwenye mkutano wa wahitimu."

"Mkutano wa nani?"

"Wa wahi..." Biskuti ilibaki nusu safari. "Ooo. Wasiomaliza hawapo hapa. Nimesimama kwenye mlango wa harusi nikiuliza nani alialikwa."

"Hilo nitaliiba," alisema Profesa Dunleavy, na akaliandika.

Basi alikwenda ofisi ya wahitimu, na mama mmoja pale, aliyependezwa na kisa cha nembo, alikubali kuwapelekea maswali wale wote ambao waliwahi kusoma Pellworth wakaondoka bila shahada, na ambao chuo bado kiliwatumia jarida kila mwaka. Majina hayangehitajika. Maswali yalikuwa matatu: Ulisoma lini? Uliwahi kukanyaga nembo? Kwa nini hukumaliza? Chini Odessa aliweka jina lake, kwa kuwa Profesa Dunleavy alisema anayewauliza watu siri zao sharti ajitambulishe.

Majibu yalikuja sitini na moja. Aliyasoma maktaba, mchana wa jua, dirisha limefunguliwa kwa mara ya kwanza tangu Oktoba. Kuna aliyeondoka kwa sababu mama yake aliugua. Kuna aliyepata mimba, aliyepata kazi, aliyepata bendi. Mmoja aliandika tu: "Baridi." Baadhi walikuwa wamekanyaga, wengi hawakukanyaga, na alipojumlisha wote pamoja na wale mia moja na arobaini, tofauti ya waliokanyaga na wasiokanyaga iliyeyuka kabisa. Hakuna hata mmoja aliyeilaumu nembo. Odessa alikuwa akitabasamu peke yake alipofika jibu la thelathini na nane, lililoandikwa lote kwa herufi kubwa.

"NILISOMA MWAKA MMOJA, 1987 HADI 1988. NEMBO SIKUIKANYAGA HATA SIKU MOJA. NILIIZUNGUKA KAMA SHIMO. NILIFELI HESABU. MLANGO WA PROFESA ULIKUWA WAZI NA NILIPITA MBELE YAKE KILA SIKU. NILIONA AIBU KUINGIA. NILIPOFIKA NYUMBANI NILISEMA SIJAPAPENDA. USISAHAU KULA."

Odessa aliisoma tena sehemu ya mwisho. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeandika kila ujumbe kwa herufi kubwa na kuumaliza kwa maneno hayo. Alimwandikia hivyo wakati wa mtihani wa kwanza, wakati wa mafua, na siku aliyoachwa na mpenzi wake mpiga tarumbeta. Machozi yalimjia bila kubisha hodi. Aliikumbuka ile sauti: kuhitimu ndilo neno.

Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi za maktaba, akapiga simu.

"Shangazi."

"Umekula?"

"Nimekula. Shangazi, nimepata majibu ya maswali yangu."

Upande wa pili maji ya bomba yalifungwa. "Mangapi?"

"Sitini na moja."

"Ni mengi hayo." Shangazi Verlene alikohoa. "Na kuna yeyote aliyekusaidia?"

"Kuna mmoja amenisaidia kuliko wote. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, mwanangu? Kwamba nilishindwa? Ulipopata nafasi chuo kilekile, nikasema, ngoja kwanza. Asije akabeba mzigo wangu na wake. Baba yako mwenyewe alikuwa mdogo, aliambiwa nilikuwa kwa shangazi yetu, kule Akron."

"Shangazi, na mimi nilikuwa siingii. Miaka minne. Nimeanza kuingia mwezi wa tatu."

"Mwezi wa tatu wa mwaka huu?"

"Wa mwaka huu."

"Odessa Marie Pruitt! Nimechapa fulana mwezi wa pili!"

Wakaanza kucheka, wote wawili, mpaka mwanafunzi aliyekuwa akisoma kwenye nyasi akageuka. Kilikuwa kicheko chenye kilio ndani yake, na hakuna aliyejaribu kuvitenganisha. Kisha Shangazi aliuliza, kwa sauti ndogo asiyoitumia mara nyingi: "Na huyo profesa, ukiingia, anasemaje?"

"Anasema, umekwama wapi?"

"Basi?"

"Na anakupa biskuti."

"Mmh," alisema Shangazi Verlene. "Za dukani?"

Alama zilitoka Jumatano, siku tatu kabla ya mahafali. Maisee ndiye aliyebonyeza, kwa kuwa Odessa alikuwa amejifunika blanketi mpaka kichwani. Kazi ya nembo ilikuwa imepata tisini na tatu, na pale chini, penye nafasi ya maoni, Profesa Dunleavy hakuuliza kitu. Alikuwa ameandika: "Sasa naelewa." Somo zima lilimpa C yenye alama ya kujumlisha pembeni. Maisee alipiga vigelegele kana kwamba ni A mbili, na dada wa chumba cha jirani akagonga ukuta kuuliza kama kuna moto.

Siku ya mahafali basi lilifika saa mbili na nusu asubuhi, na fulana za manjano zikateremka moja baada ya nyingine, watoto, wazee, binamu wa Detroit, na mjomba mmoja ambaye hakuna aliyejua alikuwa wa upande gani. Zilitanguliwa na masinia. Mtu wa Youngstown hawezi kusherehekea bila meza ya biskuti, na Shangazi Verlene alikuwa ameoka aina kumi na nne. Jina la Odessa lilipoitwa, mlio uliotoka upande wa manjano ulimfanya mkuu wa chuo ashike kofia yake.

Baada ya sherehe Odessa, na joho lake, aliiongoza familia kuingia Tarkington. Alitembea kinyumenyume, mazoea yana taabu. "Angalieni hapa chini," alisema, "hii ndiyo nembo yenyewe." Kundi likagawanyika mara mbili, nusu kulia, nusu kushoto. Hata watoto walikuwa wamesikia habari zake.

Shangazi Verlene hakuzunguka. Alisimama ukingoni, na viatu vyake vya kanisani vyenye kifungo cha dhahabu, sinia mkononi, akaitazama ile shaba muda mrefu.

"Miaka yote hii," alisema, "hata ndotoni naizunguka."

Akainua mguu wa kulia, akauweka katikati. Akauleta na wa kushoto. Akakanyaga mara mbili, kwa nguvu, kama anayejaribu ubao wa daraja. Kisha akainua uso. "Haya. Ofisi ya huyo profesa wako iko wapi?"

Walipanda ghorofa ya tatu wote arobaini na watatu. Mlango ulikuwa wazi. Profesa Dunleavy, aliyekuwa akivua joho lake, aligeuka akakuta ukumbi mzima umegeuka manjano, na Odessa huyohuyo akimtabasamia kutoka kila kifua.

"Profesa," Odessa alisema, "huyu ni Shangazi yangu. Jibu la thelathini na nane."

Profesa alimwangalia Odessa, kisha Shangazi. Alining'iniza joho msumarini bila haraka, akavuta kile kiti cha wageni, akakipangusa kwa mkono wa sweta.

Shangazi Verlene alivuka kizingiti. Aliweka sinia juu ya meza, pembeni ya bati la shayiri, akakaa, akaweka mkoba wake mapajani na kuushika kwa mikono miwili kama msichana wa miaka kumi na minane.

"Karibu sana," alisema Profesa Dunleavy, naye akakaa. "Umekwama wapi?"

"Wiki ya sita," alisema Shangazi. "Oktoba, mwaka themanini na saba."

"Aa, wiki ya sita," alisema Profesa, akitafuta penseli. "Ile huwa inawasumbua wengi." Akavuta karatasi nyeupe, akaiweka katikati yao.